Ritifaa ya Ng': Herufi ya Ekegusii na Namba Zake Tatu

Katika jina Sironga, soko na makazi yaliyo karibu na mji wa Nyamira, n na g hutamkwa pamoja na mlipuko wa g husikika waziwazi. Katika neno eng'ombe la Ekegusii, lugha ya Abagusii wa Kenya, ambalo maana yake haihitaji kuelezwa kwa msomaji wa Kiswahili, g haisikiki hata kidogo, kwa kuwa hewa yote hupitia puani huku nyuma ya ulimi ikiwa imeziba kaakaa laini. Sauti hizo ni mbili tofauti, na katika maandishi zinatenganishwa na alama moja ndogo tu, yaani ritifaa, ambayo baadhi ya walimu huiita kibainishi. Kwa msomaji wa karatasi jambo limekwisha hapo. Kwa kompyuta halijaisha, kwa sababu kompyuta haishughuliki na umbo la alama bali na namba ambayo alama imepewa, na ritifaa hii, ambayo jicho la binadamu huiona kuwa moja, ina namba tatu zinazoigombea, mbili zikiihesabu kuwa alama ya uakifishaji na moja pekee ikiihesabu kuwa herufi.

Kuipa kila herufi namba yake ndiko kunakoitwa usimbaji, na namba yenyewe ndiyo msimbo. Mfumo wa mwanzo ulioenea duniani, ASCII, uliotolewa Marekani mwaka 1963, ulitumia biti 7 kwa kila alama, hivyo ulikuwa na nafasi 128 tu, na 95 kati ya hizo ndizo zilizokuwa za alama zinazochapika. Nafasi ya 39 ilikuwa ya ritifaa iliyonyooka, ambayo ilirithiwa kutoka kwenye taipureta, mashine ambayo watengenezaji wake, kwa kubana vitufe, waliifanya alama moja itumike kufungua nukuu, kufunga nukuu na kuonyesha herufi iliyodondoshwa. Baada ya miongo kadhaa ya mifumo iliyogongana, Unicode ilianza mwaka 1991 ikiwa na lengo la kuipa namba moja ya kudumu kila herufi ya kila mwandiko duniani. Namba hizo huandikwa kwa herufi U na alama ya kujumlisha, zikifuatwa na tarakimu za mfumo wa kumi na sita, ambao baada ya tisa huendelea na A hadi F. Kanuni moja ya Unicode inafaa kukumbukwa tangu mwanzo: herufi ikishapewa namba haiondolewi wala jina lake halibadilishwi, hata ikija kudhihirika kwamba ilikosewa.

Mfano unaoangaza suala la Ekegusii kuliko mingine yote unatoka mbali sana na milima ya Manga katika nchi ya Abagusii. Walisu, wanaoishi kwenye milima ya Yunnan nchini China na katika nchi za jirani, hasa Myanmar na Thailand, huandika lugha yao kwa alfabeti iliyobuniwa yapata mwaka 1915 na Sara Ba Thaw, mhubiri wa jamii ya Wakaren, kisha ikaboreshwa na mmisionari Mwingereza James O. Fraser. Herufi zake ni herufi kubwa za Kilatini, nyingine zikiwa zimepinduliwa juu chini au kugeuzwa, na toni huonyeshwa kwa alama zinazofanana na nukta na mkato. Alfabeti hiyo ilipoingizwa katika toleo la 5.2 la Unicode mwaka 2009, ilipewa mtaa wake, yaani fungu la namba zinazofuatana, wenye nafasi 48, kuanzia U+A4D0, ingawa sehemu kubwa ya maumbo yake tayari yalikuwamo miongoni mwa herufi za Kilatini. Alama za toni nazo zilipewa namba zake, zisichanganywe na nukta na mkato wa kawaida, kwa sababu katika Kilisu nukta ya toni ni sehemu ya neno ilhali nukta ya kawaida hukata sentensi. Mwaka 2020, katika toleo la 13.0, herufi moja zaidi iliongezwa kwa ajili ya lugha ya Kinaxi, ambayo nayo huandikwa kwa mwandiko huo; iliitwa YHA, ikapewa namba U+11FB0, na kwa ajili yake ukafunguliwa mtaa mpya wenye nafasi 16 ambamo ilikaa peke yake.

Jambo linaloigusa Nyamira ni alama nyingine ya Walisu, ambayo haikupewa namba mpya. Irabu inayotamkwa puani katika Kilisu hufuatwa na kialama chenye umbo lilelile la ritifaa, na wataalamu walipotafuta namba ya kukipa walikuta ipo tayari, U+02BC, ambayo katika orodha ya Unicode ni ritifaa iliyo herufi, yaani alama inayoonekana kama ritifaa lakini inayotendewa na kila programu kama kipande cha neno. Kwa hiyo kilichohitajika hakikuwa uvumbuzi bali uamuzi, na uamuzi huo uliandikwa katika maelezo rasmi ya mwandiko wa Kilisu, ili yeyote anayetengeneza kibodi au fonti ajue ni namba ipi aitumie. Namba hiyohiyo inaifaa ng' ya Ekegusii, ya Kiswahili, ya Dholuo na ya Gĩkũyũ, tofauti ikiwa kwamba katika Afrika Mashariki hakuna maelezo ya namna hiyo yanayofuatwa na wote.

Hali hii ina historia. Wamisionari Wakatoliki waliokaa Nyabururu na Waadventista waliojenga Nyanchwa, wote miaka michache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walianza kuandika Ekegusii wakati ambapo Kiswahili na Dholuo vilikuwa tayari vinachapwa kwa herufi za Kilatini, na mazoea ya lugha hizo mbili yalikuwa karibu kuliko nadharia yoyote ya fonetiki. Mwaka 1926 iliundwa London Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Afrika, ambayo kwa uongozi wa mwanaisimu Mjerumani Diedrich Westermann ilipendekeza alfabeti ya pamoja yenye herufi ŋ badala ya ng', na ɛ na ɔ kwa irabu ambazo herufi tano za Kilatini hazikuweza kuzibeba. Kamati iliyoanza kusanifisha Kiswahili mwaka 1930 haikuifuata njia hiyo. Ilibaki na irabu tano, ambazo zinakitosha Kiswahili, na ikabaki na ng'. Luganda iliichukua ŋ katika tahajia yake sanifu ya mwaka 1947, na lugha za Sudan Kusini kama Kidinka ziliichukua pamoja na irabu zake. Ekegusii ilikwenda na Kiswahili.

Kwa irabu, uamuzi huo ulikuwa na gharama, kwani Ekegusii ina irabu saba, na e na o zilizoandikwa hubeba sauti mbili kila moja, iliyo wazi na iliyofumba. Msomaji mzawa huziamua kutokana na muktadha, na mgeni hubahatisha. Toni, ambayo katika lugha hii hutenganisha hata nyakati za vitenzi, nayo haiandikwi. W. H. Whiteley, aliyechapisha uchunguzi wake wa mfumo wa nyakati za Ekegusii mwaka 1960, hangeweza kufanya kazi hiyo kwa tahajia ya kawaida peke yake, na wanaisimu waliomfuata pia walilazimika kuongeza alama zao. Hata hivyo tahajia hiyo pungufu ilikuwa na faida ambayo hakuna aliyeikusudia: zama za kompyuta zilipofika, Ekegusii yote iliingia katika zile alama 95 za ASCII bila kukosa hata moja. Biblia nzima ya Ekegusii iliyotoka mwaka 1988 ingeweza kuchapwa upya kwa mashine yoyote ya wakati huo, ilhali Gĩkũyũ na Kikamba, kwa ajili ya ĩ na ũ, zilibaki kwa miaka mingi zikitegemea fonti za kienyeji ambazo ndani yake namba ya herufi nyingine ilichorwa umbo la ĩ, kiasi kwamba waraka uliotumwa kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo ulifika ukiwa vurugu tupu. Leo ĩ ni U+0129 na ũ ni U+0169, na tatizo hilo limekwisha. Jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi aliyefariki Mei 2025, linaonyesha jinsi mambo yalivyogeuka: alama zilizokuwa zikisumbua, zilizo juu ya u na i, sasa zimo ndani ya herufi zenye namba zisizo na utata, na alama iliyodhaniwa kuwa rahisi, ile ya Thiong'o, ndiyo iliyobaki bila cheo.

Namba tatu zinazogombea zinahitaji kutazamwa kwa karibu. Ya kwanza, U+0027, ni ritifaa iliyonyooka ya ASCII, ambayo Unicode huiweka katika kundi la uakifishaji usio na kazi maalumu. Ya pili, U+2019, ni ritifaa iliyopinda, ambayo jina lake rasmi ni alama ya kufunga nukuu moja, na ambayo Unicode yenyewe huipendekeza kwa ritifaa ya kawaida ya uakifishaji, kama ile ya herufi zilizodondoshwa. Ya tatu ni U+02BC iliyokwisha kutajwa, ambayo kwa macho haitofautiani na ya pili. Katika UTF-8, namna ya kuhifadhi Unicode iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992 na inayotumika sasa karibu kila mahali, ya kwanza hukaa katika baiti moja, ya tatu katika baiti mbili na ya pili katika baiti tatu. Programu inayolinganisha jina Nyang'au lililoandikwa kwa ritifaa iliyonyooka na Nyang’au lenye iliyopinda haioni jina moja lenye mitindo miwili ya uchapaji. Inaona majina mawili ambayo hata urefu wake haulingani.

Mtu anayeandika hachagui kati ya namba hizo, na huo ndio ugumu wa jambo hili kimaisha. Akiandika kwa kibodi ya simu, kwa kawaida hupata U+0027. Akiandika barua katika programu ya uchapaji wa nyaraka, programu huigeuza ritifaa yake kuwa U+2019 kwa kuamini kwamba inapamba nukuu. Mwalimu mmoja anaweza kuandika orodha ya darasa kwa kompyuta na kuwatumia wazazi ujumbe kwa simu siku hiyohiyo, na ng' zake zikawa za aina mbili bila yeye kujua. U+02BC haipati mtu kwa bahati, kwa sababu kibodi za kawaida hazina kitufe chake.

Faili lililohifadhiwa kwa UTF-8 likifunguliwa na programu inayodhani kwamba ni la mfumo wa zamani wa Windows wa alama za Ulaya Magharibi, zile baiti tatu za U+2019 husomwa kila moja kama herufi kamili, na jina hutokea kwenye skrini likiwa Nyangâ€™au. Takataka hiyo katikati ya jina, a yenye kofia, alama ya yuro na alama ya biashara, imeonwa na kila aliyewahi kushughulikia orodha za majina ya Wakenya, na huwa ushahidi tosha kwamba mahali fulani njiani ritifaa ilipindwa. Upande wa ujumbe mfupi wa simu hasara ni ya namna nyingine. Ujumbe mmoja una nafasi ya baiti 140, ambazo kwa jedwali la alama za biti 7 linalotumiwa na mitandao ya simu hutoa herufi 160. Ritifaa iliyonyooka imo katika jedwali hilo, iliyopinda haimo, wala U+02BC haimo. Alama moja tu iliyo nje ya jedwali huulazimisha ujumbe mzima kuandikwa kwa biti 16 kwa kila herufi, na nafasi hushuka kutoka 160 hadi 70. Tangazo la mkutano wa wazazi lenye herufi 150, ambalo lingekwenda kama ujumbe mmoja, hugawanyika kuwa vipande vitatu kwa sababu ya ng' moja iliyopindwa, na atumaye kwa wingi hulipia kila kipande.

Kundi la tatu la matatizo linatokana na hadhi ya alama yenyewe. Programu nyingi zenye kazi ya kuweka herufi kubwa mwanzoni mwa kila neno huchukulia kwamba neno jipya linaanza baada ya kitu chochote kisicho herufi, na kwa hiyo NG'OMBE hutoka ikiwa Ng'Ombe na NYANG'AU ikiwa Nyang'Au. Ekegusii ina nafuu fulani hapa: maneno yake, kama ya lugha nyingine nyingi za Kibantu, huishia kwa irabu, hivyo ng' haikai mwishoni mwa neno, na kanuni za Unicode za kutafuta mipaka ya maneno huivumilia ritifaa iliyo katikati ya herufi mbili. Dholuo haina bahati hiyo. Katika jina la Peter Anyang' Nyong'o, gavana wa Kisumu, ritifaa ya kwanza iko mwishoni kabisa mwa neno, na programu inayofuata kanuni hizo huihesabu kuwa nukuu inayofungwa na kuiacha nje ya neno, ingawa ile ya pili, katika jina la mtu yuleyule, huiacha ndani.

Kuhusu hifadhidata, lugha ya SQL, iliyobuniwa miaka ya 1970 na ambayo ndiyo inayotumiwa zaidi kuziuliza na kuziamuru, huzungushia maneno yake ritifaa iliyonyooka, ikimaanisha kwamba jina lenye ritifaa ndani, likipachikwa katika amri bila tahadhari, hukata amri hiyo katikati. Wezi wa mitandaoni wanaijua njia hiyo vizuri na huitumia kuingiza amri zao wenyewe. Kuna namna salama ya kupokea jina lolote, nayo ni ya zamani na imeelezwa katika kila kitabu cha fani hiyo: amri na data hupelekwa kando kando, data isisomwe kamwe kama amri. Lakini mtengenezaji wa fomu aliye na haraka huona ni rahisi zaidi kuikataza ritifaa, na fomu humjibu mwenye jina kwamba jina lake lina herufi zisizoruhusiwa. Huo ni uvivu wa kazi uliovikwa joho la usalama, wala haufai kuhesabiwa kama tatizo la usimbaji, ijapokuwa wanaoufanya hupenda kuueleza hivyo. Hata U+02BC si kinga kamili dhidi yake, kwa kuwa baadhi ya mifumo ya zamani, ikikutana na namba isiyoijua, huibadilisha kuwa alama ya karibu kwa umbo, na karibu ya U+02BC ni U+0027; ritifaa iliyopita mlangoni kama herufi hujikuta ndani ikiwa imerudi kuwa ritifaa ya amri.

Kuna wanaoona kwamba suluhisho ni kuiacha ritifaa na kuchukua ŋ, ambayo ni herufi isiyo na shaka, ina namba U+014B kwa ndogo na U+014A kwa kubwa, na imo katika fonti zote za maana. Hoja hiyo ina nguvu kwa mwanaisimu na udhaifu kwa kila mtu mwingine. Hali ya Luganda ni funzo: shuleni ŋ hufundishwa, lakini kwenye simu, ambako kitufe chake hakipo, mkono hurudi kwenye ng'. Zaidi ya hayo mtoto wa Nyamira husoma Ekegusii na Kiswahili kwa wakati mmoja, na kumwandikia eŋombe saa mbili na ng'ombe saa tatu ni kumwongezea kazi isiyo na faida. Wengine wameuliza kwa nini ng' isiombewe namba moja yake yenyewe, kama herufi kamili. Unicode haikubali tena maombi ya namna hiyo pale herufi inapoweza kuundwa kwa kufuatanisha zilizopo, na Afrika yenyewe ina mfano wa sababu yake: Kiafrikana kilipata, kwa urithi wa mifumo ya awali, herufi moja ya n iliyotanguliwa na ritifaa, U+0149, na leo Unicode inashauri isitumike, badala yake iandikwe U+02BC ikifuatwa na n.

Mataifa yaliyojaribu kuifanya ritifaa kuwa herufi kwa amri pia yana la kufundisha. Kazakhstan ilitangaza Oktoba 2017 alfabeti ya Kilatini iliyojaa ritifaa, iliyochaguliwa kwa sababu ingeandikika kwa kibodi ya kawaida. Malalamiko yalikuwa makubwa, ikiwa ni pamoja na kwamba maneno yasingeweza kutafutwa mtandaoni, na Februari 2018 rais Nursultan Nazarbayev aliibadilisha. Hawaii ilikwenda njia nyingine, ikaiteua U+02BB, ndugu wa U+02BC iliyogeuzwa upande, kuwa ndiyo herufi yao ya kuziba koo, na kibodi za Kihawaii huitoa moja kwa moja. Tofauti ya matokeo hayo mawili haiko katika umbo, kwani yote ni ritifaa. Iko katika uchaguzi: wa kwanza walichagua kitufe na wa pili walichagua namba.

Kwa Ekegusii uamuzi una ugumu wake mmoja wa kweli. Ritifaa katika lugha hii ina kazi mbili: ni sehemu ya herufi katika ng'a, neno linalounganisha sentensi kama neno kwamba linavyofanya katika Kiswahili na ambalo hujitokeza katika karibu kila ukurasa, na ni alama ya irabu iliyodondoshwa katika miundo kama n'engiya. Kwa kanuni za Unicode ya kwanza inastahili U+02BC na ya pili U+2019, alama mbili ambazo machoni hazitofautiani, na hakuna mwandishi wala mhariri atakayeweza kulinda nidhamu hiyo kwa mkono. Kiswahili nacho kina jambo la aina hii katika ushairi na katika tahajia ya wataalamu wa lahaja za pwani, ambao huandika p'aa kwa mnyama ili kumtenga na paa la nyumba. Lakini kinachomshinda binadamu hapa ni rahisi kwa programu, kwa sababu mazingira ya kazi hizo mbili hayaingiliani: ritifaa iliyotanguliwa na n na g na kufuatwa na irabu au w ni herufi, na iliyotanguliwa na n peke yake, kama katika n'engiya, ni udondoshaji. Mwandishi aendelee kubonyeza kitufe kilekile alichokizoea. Kibodi ya Ekegusii, au kikaguzi cha tahajia, ndicho kitakachoweka namba inayostahili, na kwa ujumbe mfupi kitakachoirudisha kwenye U+0027 ili usigawanyike. Kusisitiza kwamba namba moja itumike mahali pote, kama baadhi ya waandishi wa miongozo wanavyotaka, ni kupuuza kwamba mtandao wa simu na kitabu cha shule havina mahitaji sawa.

Mahali pa kuuweka uamuzi huo pameshakuwapo. Ekegusii ina msimbo wake wa lugha wa kimataifa, guz, na imo katika hazina ya data za lugha inayosimamiwa na Unicode, ambamo kompyuta na simu huchukua majina ya siku na miezi; humo Jumamosi ya Ekegusii ni Esabato, alama ya jinsi Waadventista wa Nyanchwa walivyoigusa hata kalenda. Katika hazina hiyohiyo ndimo huandikwa orodha ya herufi za lugha na utaratibu wa kuzipanga kialfabeti, yaani kama ng' ihesabiwe kuwa herufi inayojitegemea baada ya ng au ritifaa ipuuzwe wakati wa kupanga, swali ambalo mtunzi wa kamusi hawezi kulikwepa. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, ambayo hutengeneza mitaala ya lugha za kiasili, ina nafasi ya kusema neno hapa, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaipa serikali jukumu la kukuza lugha hizo. Idadi ya wenye lugha si hoja ya kuisubirisha: sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Abagusii milioni 2.7, ambao ni wengi kuliko Walisu wote.

Wakati uamuzi ukisubiriwa, madhara hayalingani uzito. Maandishi yaliyochanganya U+0027, U+2019 na U+02BC yanaweza kusawazishwa na programu fupi kwa dakika chache, kwa kuwa kila ritifaa, hata ikiwa na namba isiyoistahili, bado iko mahali pake. Orodha ambazo ritifaa imeondolewa kabisa, ama na fomu iliyoikataa ama na karani aliyechoka kukataliwa, haziwezi kurudishwa kwa njia hiyo. Jina Ongeri halina ritifaa wala halikuwahi kuwa nayo, Ong'era linayo, na katika daftari lililoandika ONGERI na ONGERA kwa herufi kubwa hakuna kanuni itakayoijulisha programu ni lipi kati ya hayo mawili lilipoteza alama. Itabidi aulizwe mwenye jina, au mtu wa kijijini kwao.